Mkalimani wa Mai

"Sema tena," Shirleen aliomba, mikono ikiwa kwenye usukani. "Nataka kusikia vile utamwambia."

Zilpah alifumba macho, akavuta pumzi, akaisema sentensi yake yote kwa Kikonkani, polepole, bila kuruka neno.

"Na hiyo ni kusema nini?"

"Mai, nimejifunza lugha yako ili tuongee sisi wawili, bila mtu katikati yetu. Asante kwa kunipenda kama binti yako."

Shirleen alipunguza mwendo, macho barabarani. Walikuwa wameishi nyumba moja Bankstown, Sydney, miaka mitatu, wote wawili manesi wa hospitali ya Westmead, na Zilpah alimjua vizuri. Shirleen akifanya hivyo, kuna jambo.

"Ongea basi."

"Zippy, usinikasirikie. Hayo maneno matamu yote ya huyo mathe, umewahi kuyasikia akiyasema mwenyewe? Bila Agnelo?"

"Angeniambiaje na hajui Kizungu hata kidogo?"

"Sijui. Nauliza tu."

"Leo utapata jibu," Zilpah alisema, akacheka, akashusha kioo ili upepo umpoze uso. Alikuwa na furaha iliyomfanya ashindwe kutulia kitini.

Agnelo alikuwa mkalimani wa Kikonkani, lugha ya watu wa Goa, India. Sydney nzima watu wa kazi hiyo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, kwa hiyo mahospitali na ofisi zote zilimgombania yeye. Zilpah alikutana naye wodini, mwaka mmoja na miezi minne iliyopita, siku ambayo baharia mmoja mzee kutoka Goa alikuwa anapewa majibu ya vipimo vyake. Binti wa yule mzee alimvuta Agnelo kwenye korido akamsihi, machozi yakimtoka, asilitaje neno saratani. Aseme tu ni kidonda.

"Pole sana, dada," Agnelo alimjibu. "Daktari akisema, nasema. Baba yako akisema, nasema. Siongezi na sipunguzi. Siku nitakayopunguza neno moja, hakuna atakayeniamini tena."

Zilpah alikuwa amesimama pale pale na trei ya dawa. Kule Machakos aliwahi kuchumbiwa na mwanamume aliyekuja kujulikana ana mke Mombasa. Tangu siku hiyo hakuwa anatafuta sura wala mali. Alichotaka ni mtu asiyepunguza neno. Na huyu hapa, mrefu, mpole, mwenye macho mazito na tabia ya kumtazama mtu mdomoni anapoongea ili asikose kitu. Agnelo aliporudi kumuuliza Zilpah jina la daktari, alimtazama hivyo hivyo, na Zilpah akasahau alichoulizwa.

Miezi miwili baadaye Agnelo alimpeleka kwa mama yake.

Mai, yaani mama, ndivyo Agnelo alivyomwita, alikuwa ameletwa Sydney baada ya kufiwa na mume. Maisha yake yote aliyaishi kijijini Goa na hakujua lugha nyingine ila Kikonkani. Moyo wake ulikuwa dhaifu. "Mpime presha kila ukija," Agnelo alimwambia Zilpah, "atafurahi. Na mbele yake tusishikane mikono. Ni mtu wa zamani." Zilpah alikubali. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumapili, alikwenda kwao Wentworthville na mashine yake ya presha, wakala chakula cha mchana, Mai akaongea, Agnelo akatafsiri.

Na Mai alisema mambo gani! Mai anasema mikono yako ni ya mtu aliyelelewa vizuri. Mai anasema tangu uanze kuja, nyumba hii imepata uhai. Mai anasema amekuombea asubuhi hii, kabla hata hajaniombea mimi. Zilpah alikuwa mwaka wa pili wa chuo mama yake alipofariki, na hakuna mwanamke mzima aliyewahi kumwambia maneno kama hayo tena. Aliyaandika kwenye simu, kila neno na tarehe yake. Zamu zikiwa ngumu, alijifungia chumba cha manesi akayasoma.

Ndiyo maana alimwomba Anti Ermelinda amfundishe Kikonkani.

Anti Ermelinda alikaa ghorofa ya chini ya jengo lao, Mgoa aliyezaliwa Ngara, Nairobi, kabla ya uhuru. Alimsikia Zilpah akiongea na simu ngazini, akafungua mlango kwa nguvu. "Wewe toto! Hiyo Kiswahili iko ya wapi? Machakos?" Kuanzia hapo, kila Jumatano kwa miezi minne, alimfundisha Kikonkani kwa Kiswahili cha Wahindi wa Nairobi, chai ya tangawizi ikiwa katikati yao.

"Hapana sema kwa pua," alimkaripia. "Sema tena. Mog."

"Mog."

"Hiyo ndiyo mapenzi. Sasa sema sun."

"Sun."

"Hiyo ni mke ya mtoto yako. Na harusi naitwa kazar. Ukisikia hiyo maneno mbili pamoja, wewe jua kazi imekwisha." Akacheka mpaka akakohoa. "Lakini sikia mzuri, toto. Mama ya Goa naongea haraka kama mvua kwa mabati."

Agnelo hakuambiwa lolote. Ilikuwa iwe zawadi.

*

Mai ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa mdogo wa umbo, amevaa gauni la maua, nywele nyeupe zimefungwa nyuma. Alimtazama Zilpah, akasema jambo huku akigeukia jikoni.

Agnelo akatokea nyuma yake akitabasamu. "Mai anasema rangi hiyo ya bluu inakupendeza sana. Anasema unang'aa."

Zilpah alitabasamu, lakini masikio yake yalikuwa yamepata kitu kingine. Alisikia *nesi*, neno ambalo halikuwa na haja ya kufundishwa. Alisikia *mapema*. Alisikia *wali bado*.

Akajiambia kosa ni lake. Kikonkani cha Anti Ermelinda kilikuwa cha zamani, cha Nairobi. Miezi minne ni nini?

Wakakaa. Mai alikunja mkono wa gauni kabla hata Zilpah hajafungua mkoba, akanyoosha mkono, kisha akaurudisha akanyoosha ule mwingine. Akasema maneno machache, yaliyotulia, na safari hii Zilpah aliyapata yote. *Mwambie afunge wa kushoto. Wa kulia unauma leo.*

"Mai anasema," Agnelo alisema kwa upole, akimwangalia Zilpah machoni, "akishikwa na mikono yako anahisi kama ameshikwa na mtoto aliyemzaa."

Zilpah alifungua mkanda wa mashine. Alimfunga Mai mkono wa kushoto. Mai akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Agnelo hakugundua kwamba Zilpah ameelewa. Alikuwa bado anamtazama Zilpah, na mapenzi yaliyokuwa machoni pake yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililomchanganya. Mtu hawezi kuigiza macho yale.

Presha ilikuwa mia moja na sabini na kidogo. "Imepanda," Zilpah alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali. "Asikasirishwe leo."

"Nitamwambia," Agnelo akasema.

Mezani kulikuwa na wali, samaki wa mchuzi wa nazi, na vile vitumbua vyeupe vya mvuke ambavyo Mai alivipika kila Jumapili. Zilpah alijilazimisha kumeza. Labda Agnelo huongeza kidogo, alijiambia. Labda ni utani wa wapendanao, anampamba mama yake ili wapendane zaidi. Kuna ubaya gani? Alishika tumaini hilo kwa mikono miwili.

Ndipo Mai alipoweka kijiko chini akaanza kuongea kwa furaha, haraka, mikono ikicheza hewani, na katikati ya mvua ile ya maneno Zilpah akasikia *Novemba*. Akasikia *kazar*. Akasikia *sun*.

Moyo ukamruka. Maneno mawili pamoja! Mwezi Machi Agnelo alikuwa amemwomba awe mke wake, kule bustanini Parramatta, akamsihi wasitangaze mpaka Mai azoee. Kumbe alishamwambia! Kumbe Mai anapanga harusi! Mashaka yote ya ule mkono wa kushoto yakamwondoka.

"Mai anasema," Agnelo alianza, uso umembadilika kidogo, "mwezi wa kumi na moja atakupikia..."

Zilpah hakungoja amalize. Alisimama. Akamgeukia Mai, akaweka mkono kifuani, akasema kwa Kikonkani, kila neno mahali pake, "Mai, nimejifunza lugha yako ili tuongee sisi wawili, bila mtu katikati yetu. Asante kwa kunipenda kama binti yako. Nitakuwa sun mwema kwako."

Uma wa Agnelo ulianguka kwenye sahani.

Mai alipigwa na butwaa, halafu akapiga makofi kama msichana. "Nesi anaongea!" alimwambia mwanawe. "Umemsikia? Nesi anaongea Kikonkani!" Alimshika Zilpah mkono akamkalisha karibu naye, akaanza kumwambia taratibu, akilitenga kila neno, kama mwalimu wa watoto wadogo anayemsahihisha mtoto anayempenda.

"Vizuri sana, mwanangu. Lakini neno moja umekosea. Si sun. Wewe ni nesi. Sun ni Ancilla. Anakuja Novemba. Novemba Agnelo anamwoa Ancilla."

"Mai, puro," Agnelo alisema. Inatosha.

"Acha nimfundishe, amejitahidi." Mai alichukua simu yake, akatafuta, akamwonyesha picha ya msichana aliyevaa sare ya kwaya, amesimama mbele ya kanisa jeupe, uso mpole. "Huyu. Ancilla. Sun."

Ilikuwa mara ya kwanza Zilpah kuelewa Kikonkani bila kukosa hata neno moja.

Hakulia. Aliitazama ile picha, kisha akamgeukia Agnelo. Waliongea Kiingereza siku zote wao wawili, na ndicho alichotumia sasa.

"Mwambie mimi ni nani."

"Zilpah, tutoke nje kidogo. Tafadhali."

"Wewe ni mkalimani. Mimi nasema, wewe unasema. Mwambie mimi na mwanawe tunapendana mwaka mmoja na miezi minne. Mwambie umeniomba niwe mke wako, na mimi nikakubali. Siongezi na sipunguzi. Mwambie."

Mai alikuwa anawatazama, mmoja baada ya mwingine, akisubiri kwa subira. Alikuwa amezoea kusubiri. Siku zote mwanawe alimletea maneno.

Agnelo alimgeukia mama yake. Zilpah aliiona midomo ikifunguka. Kwa dakika ile fupi bado alikuwa na matumaini. Aliona aibu baadaye kwa hilo, lakini alikuwa nayo.

"Mai," Agnelo alisema kwa Kikonkani, "anaomba radhi. Anasema alichanganya maneno."

Yalikuwa maneno rahisi. Mengine Anti Ermelinda alimfundisha wiki ya kwanza.

Na Agnelo alijua kwamba anaelewa. Alimkana kwa lugha aliyotoka kumsikia akiiongea, akiwa ameketi umbali wa sahani mbili.

Zilpah angeweza kusema mwenyewe. Maneno alikuwa nayo: mog, mwanao, mimi. Aliyapanga mdomoni. Akamtazama Mai, akaona alama ya mkanda wa presha bado imebaki kwenye ngozi ya ule mkono mwembamba, na namba aliyoisoma ikamrudia. Akaona pia kwamba hata akisema, haitasaidia kitu. Mama hakuwa amemkataa leo. Aliyemkataa alikuwa Agnelo.

"Asante kwa chakula, Mai," alisema kwa Kikonkani. Akachukua mkoba, akatoka.

*

Agnelo alimfikia getini. Alimshika kiwiko, na mwili wa Zilpah, usiojua lolote, ulitaka kumwegemea.

"Nisikilize. Nilimwambia. Mwanzoni kabisa, kabla sijakuleta hapa. Nilimwambia kuna msichana Mkenya ninayempenda. Hakula siku tatu, Zilpah. Aliniapisha mbele ya picha ya baba. Alisema nikioa nje ya watu wetu, atarudi Goa kufa peke yake. Ana moyo ule, umeuona. Ningefanya nini?"

"Ukamwambia mimi ni nesi."

"Nilimwambia hospitali inamtumia nesi. Kwamba huna watu hapa, tukulishe siku za Jumapili. Nilitaka akuzoee kwanza. Nilifikiri akikuona, akikuzoea..."

"Amenizoea. Amemzoea nesi."

Agnelo alifuta uso kwa viganja. Upande wa pili wa barabara jirani alikuwa anaosha gari lake, redio ikiimba.

"Ancilla ulimkubali lini?" Zilpah aliuliza.

"Zilpah..."

"Lini?"

"Machi."

"Machi ndipo uliponiomba mimi."

"Ndiyo."

"Kabla au baada?"

"Wiki moja kabla. Familia zilikuwa zimeshaongea. Nilipokuomba nilikuwa nimeamua kuwakatalia. Naapa. Kila Jumapili nilisema Jumapili ijayo nitamwambia."

"Na yale maneno?" Zilpah alimkazia macho. "Kwamba ananiombea kabla yako. Kwamba mikono yangu ni ya mtu aliyelelewa vizuri. Yalikuwa ya nani?"

"Yangu. Yote yalikuwa yangu." Macho yake yalijaa. "Nilitaka kukuambia kila siku, nikaogopa. Nikiyasema kwa mdomo wangu yalikuwa ahadi. Kwa mdomo wa Mai ningeweza kukuambia yote. Sijawahi kumpenda mtu hivi. Hilo usilitilie shaka."

"Silitilii shaka," Zilpah alisema. "Nimekuona macho leo. Na bado umeniambia nimechanganya maneno."

"Nipe muda. Mpaka Krismasi..."

"Krismasi utakuwa na mke."

Hakukanusha. Alisimama tu, mikono imeanguka, mtu ambaye mahospitali yote ya Sydney yaliamini kila neno lake. Zilpah alimngoja. Alimngoja muda mrefu kuliko ilivyofaa, akitamani aseme sentensi moja tu, kwa lugha yoyote ile, kwamba anarudi ndani sasa hivi kumwambia mama yake ukweli. Agnelo alitazama chini.

"Mama yangu alipokufa," Zilpah alisema, "nilizoea. Ilinichukua miaka, lakini nilizoea. Wewe ukanipa mwingine. Nilikuwa namsoma kwenye simu usiku nikikosa usingizi. Sasa niambie nimlilie wapi huyo, na hakuwahi kuwepo?"

Ndipo machozi yalipomshinda. Alilia kwa sauti, pale getini, mkoba wa presha ukining'inia mkononi. Agnelo alinyoosha mkono, akausimamisha hewani, kwa sababu mlango wa nyumba ulikuwa umefunguka.

Mai alitoka barazani, ameshika bakuli lenye kifuniko. Alikuwa amemfungia nesi chakula. Akasimama kuwatazama, uso umejaa wasiwasi.

"Agnelo! Nesi analia nini?"

Agnelo aligeuka. Zilpah aliuona mgongo wake ukinyooka, kama anavyonyooka kazini.

"Amepigiwa simu, Mai. Mtu wake amefariki."

Mai aliweka bakuli chini. Alifanya ishara ya msalaba, akashuka ngazi moja, akashika nguzo ya baraza. Akasema, na sauti yake ilikuwa nzito kwa huruma, "Maskini mtoto, na hana mtu huku. Mwambie namwombea. Mwambie leo nitamwombea yeye kwanza."

Agnelo alimrudia Zilpah. "Mai anasema..."

"Usitafsiri," Zilpah alisema. "Nimemsikia."

Akafungua geti, akashika njia ya kituo cha treni.